Yule "Msamoa" wa kwenye filamu alikuwa nani hasa?

Wapenzi wa sinema za ajabu ajabu mnaifahamu hii: Fear and Loathing in Las Vegas, ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Terry Gilliam. Johnny Depp na Benicio del Toro wamo ndani ya gari jekundu lisilo na paa, buti limejaa kila aina ya dawa za kulevya, wanakatiza jangwa kwenda Las Vegas. Njiani Depp anaona popo ambao hawapo. Hotelini anaona watu waliokaa baa wamegeuka mijusi mikubwa. Halafu wanalewa, wanaharibu vyumba, wanakimbia bili. Basi, hadithi ni hiyo.

Mara ya kwanza kuiona nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mara ya pili vilevile. Nilijua Depp anamwigiza mwandishi wa habari, na kwa kuwa nami nakula mkate wa kazi hiyo, nikaona raha: kumbe fani yetu nayo ina vituko! Nikaanza kuchimba nijue hawa watu ni akina nani. Nilichokikuta kimenikata kicheko.

Tuanze na mwandishi, maana huyo si siri. Ni Hunter S. Thompson, aliyejiua Februari 20, 2005 akiwa na miaka 67. Depp alikwenda kuishi nyumbani kwake Colorado ili amsome vizuri, akaazima nguo zake halisi, na Thompson mwenyewe ndiye aliyemnyoa kipara kwa ajili ya filamu. Kwa hiyo yeye tunamjua.

Lakini yule wakili mnene, "Dr. Gonzo", ambaye Depp anasema huenda ni Msamoa?

Hakuwa Msamoa. Jina lake ni Oscar Zeta Acosta, aliyezaliwa El Paso, Texas, mwaka 1935, katika familia yenye asili ya Meksiko. Alipata kuwa askari wa jeshi la anga, akawa mmisionari wa Kibaptisti huko Panama, na mwaka 1966 akawa wakili kweli, si wa kuigiza. Mwaka 1968 maelfu ya wanafunzi wa asili ya Meksiko waligoma East Los Angeles wakidai elimu bora. Watu 13 wakashtakiwa kwa kula njama, na Acosta akawatetea. Unajua alifanya nini? Aliwaita majaji wenyewe kutoa ushahidi, awahoji jinsi wanavyoteua wajumbe wa baraza la kushtaki, ili ionekane kuwa watu wa asili yake wanaachwa nje. Mwaka 1970 akagombea usherifu wa Los Angeles, yaani ukuu wa polisi wa kaunti nzima, akiahidi kuivunja idara hiyohiyo. Alishindwa, lakini alipata kura zaidi ya 100,000.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo pagumu.

Agosti 29, 1970, watu zaidi ya 20,000 waliandamana East Los Angeles kupinga Vita vya Vietnam, kwa sababu vijana wa asili ya Meksiko walikuwa wanakufa kwa wingi kule. Polisi wakavamia. Ruben Salazar, mwandishi wa safu katika Los Angeles Times na mkuu wa habari wa televisheni ya KMEX, aliingia baa ya Silver Dollar kupumzika na wenzake. Askari akafyatua bomu la machozi kupitia mlangoni. Likampiga kichwani, akafa. Alikuwa na miaka 42. Uchunguzi wa kifo chake ulirushwa kwenye televisheni, watu wakaufuatilia, na mwisho wake hakuna aliyeshtakiwa.

Thompson alitumwa na jarida la Rolling Stone kuandika habari za kifo hicho, na Acosta, rafiki yake tangu 1967, ndiye aliyekuwa anamfungulia milango. Tatizo ni kwamba Acosta alizungukwa muda wote na vijana wa harakati ambao hawakumwamini mwandishi mzungu. Wasingeweza kuzungumza. Ndipo Sports Illustrated lilipomtaka Thompson aende Las Vegas kuandika maelezo mafupi ya picha za Mint 400, mashindano ya jangwani. Ilikuwa Machi 1971. Akamwambia Acosta twende, huko tutaongea.

Ndiyo safari ile ya popo na mijusi! Chanzo chake ni mwandishi aliyekuwa anatafuta faragha ya kumhoji wakili kuhusu mwandishi mwenzake aliyeuawa. Makala ya Salazar ilitoka Aprili 1971. Habari ya Las Vegas ikatoka Novemba mwaka huohuo, kitabu 1972, na hiyo ya pili ndiyo dunia inayoikumbuka.

Acosta hakuwa malaika. Dawa alitumia kweli, na mwaka 1971 alikamatwa na vidonge vya amfetamini. Lakini wanasheria wa mchapishaji walipowasiliana naye kuhusu kitabu, kilichomkasirisha si kuonyeshwa mlevi. Ni kuitwa Msamoa. Thompson alidai alibadilisha asili yake ili kumlinda. Acosta, aliyekuwa amehangaika miaka yote watu wake waonekane, akatishia kukizuia kitabu mpaka jina na picha yake viwekwe kwenye jalada. Vikawekwa.

Akaandika vitabu vyake viwili, 1972 na 1973. Mwaka 1974 alimpigia simu mwanawe kutoka Mazatlán, Meksiko, na baada ya hapo hakuonekana tena. Mwili haukupatikana.

Mimi bado naipenda filamu hii, sitadanganya. Ila kama mwandishi inanisumbua. Nimewahi kukaa na watu, nikapata habari nzito, nikarudi nikaandika ile nyepesi iliyochekesha kwa sababu ndiyo inayosomwa. Sijui nani alibaki nje ya makala zangu akiwa na hasira kama za Acosta.

Ukiitazama tena, ukifika pale Depp anapomtambulisha wakili wake kwa yule kijana waliyempa lifti, msahihishe. Sema kwa sauti: Oscar Acosta. Na wakili huyo alikuwa anatoka kwenye mji uliokuwa na msiba wa Ruben Salazar.