Nani Alishika Kamba Momella?

Ukiuliza Arusha kuhusu filamu ya Hatari!, jibu huja haraka: waigizaji wa kigeni walikuja hapa wakakamata faru wenyewe, bila watu wa kuwabadili. Mwongozaji wa filamu naye alisema hivyo. Sikuridhika. Watu waliolipwa kujifanya wakamataji, walijifanya hadi wapi?

Nilianza na tarehe. Picha zilipigwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mapema 1961. Filamu ilitoka 1962, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Sehemu za ndani ya nyumba zilipigwa baadaye Hollywood. Sebule tunayoidhania iko chini ya Mlima Meru ilikuwa studio. Kama nyumba ilikuwa ya kuigiza, wanyama je?

Wanyama walikuwa wa kweli. Faru analigonga gari, vumbi linatimka, na nyuso za waigizaji zinaonekana wazi. Hapo simulizi ya mjini ina mashiko. Lakini kamera humfuata yule anayetakiwa kuonekana, na kumbukumbu zinataja pia mkamataji halisi wa Tanganyika aliyekuwa mshauri wa kazi hiyo. Nje ya picha, mikono ya nani ilikuwa kwenye kamba?

Nikashika barabara ya Moshi, nikakata kushoto Usa River, nikapanda hadi Ngurdoto na kufika Momella, walikopigia picha. Hapo njia ikagota. Eneo hilo sasa ni hifadhi: Ngurdoto ilifanywa hifadhi 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa 1962, na Mlima Meru 1967. Nilikuta twiga na nyati, lakini sikuona alama yoyote ya wafunga kamba. Wamebaki wapi, kama si kwenye ardhi wala kwenye filamu?

Nilichopata ni habari ya mtu mwingine. Mwigizaji mmoja Mjerumani wa filamu hiyo alinunua shamba Momella, akaishi hapo miaka mingi. Maisha aliyoyaigiza yakawa yake, na jina lake likadumu. Kwa nini aliyeigiza kazi akumbukwe, na aliyeijua kazi asahauliwe?

Nadhani simulizi ya mjini ni kweli nusu: hatari ilikuwa halisi, ila sifa zote zilikwenda kwa walioonekana. Nusu nyingine haimo kwenye makabrasha. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amevuka 80. Nani atakwenda Usa River, Ngare Nanyuki na King'ori kuwauliza wazee hao wangali hai?