Kutoka Redeyef hadi Gabès: Vijana wa Habari na Demokrasia ya Mashinani Tunisia

Tarehe 5 Januari 2008, Kampuni ya Fosfati ya Gafsa ilitangaza matokeo ya usaili wa ajira katika miji ya machimbo ya kusini-magharibi mwa Tunisia. Wananchi waliyaona ni matokeo ya kubebana: kazi zimekwenda kwa wenye kujuana na wakubwa. Katika mji wa Redeyef vijana wasio na ajira waliingia barabarani, walimu wakawaongoza, wajane wa wachimbaji wakapiga hema na kukaa. Vuguvugu hilo lilidumu takriban miezi sita. Mwezi Juni polisi walifyatua risasi, jeshi likaingia mjini, viongozi wakafungwa, na sehemu kubwa ya nchi ikaendelea na shughuli zake.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 17 Desemba 2010, Mohamed Bouazizi alijichoma moto mbele ya ofisi ya gavana wa Sidi Bouzid, mkoa unaopakana na Gafsa. Wiki nne baadaye Zine el-Abidine Ben Ali, aliyetawala miaka 23, alipanda ndege kukimbilia Saudi Arabia. Umaskini ulikuwa ule ule, rais yule yule, polisi wale wale. Kwa nini Redeyef ilizimwa na Sidi Bouzid ikaangusha serikali?

Jibu lililozoeleka ni Facebook. Mwaka 2008 waliokuwa na akaunti Tunisia walikuwa wachache. Kufikia mwisho wa 2010 walikaribia milioni 2 katika nchi ya watu wasiofika milioni 11. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini linawapa sifa wasiostahili na kuwanyima wanaostahili. Hoja yangu ni kwamba vijana wa habari walileta mabadiliko pale tu kazi yao iliposhikamana na vyombo vya mashinani vyenye wanachama, vikao na uwezo wa kuitisha mgomo. Uhusiano huo ulipolegea, walibaki na hadhira isiyo na nguvu ya kuamua lolote.

Kwanza, si kweli kwamba Redeyef haikuwa na picha. Mwandishi Fahem Boukadous alipeleka habari zake kwenye kituo cha setilaiti cha El Hiwar Ettounsi, na akalipia kazi hiyo kwa hukumu ya kifungo cha miaka minne. Tovuti ya Nawaat, iliyoanzishwa 2004 na Watunisia kadhaa, baadhi yao wakiwa uhamishoni, nayo iliifuatilia habari hiyo ijapokuwa ilikuwa imefungwa ndani ya nchi. Redeyef ilikosa mgongo wa chama. Kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi, UGTT, mkoani Gafsa alikuwa mwenyewe na maslahi katika biashara ya kuipatia kampuni ya fosfati vibarua, na shirikisho likajitenga na walimu wa Redeyef. Mji ulizingirwa ukiwa peke yake.

Sidi Bouzid mambo yalikwenda kinyume. Jioni ya siku ile ile, ndugu mmoja wa Bouazizi, mwanachama wa chama cha upinzani, aliwarekodi kwa simu waandamanaji waliokusanyika nje ya ofisi ya gavana na kuiweka video Facebook. Al Jazeera, iliyokuwa imezuiwa kufanya kazi Tunisia, ikaichukua na kuirusha. Hapo ndipo ufundi wa Nawaat ulipoonekana. Klipu za simu zilizofuata zilikuwa za sekunde chache, zinatikisika, nyingine hazina tarehe wala mahali. Ilibidi mtu akae azikusanye, aulize zimetoka mtaa gani, azifasiri, kisha azipeleke kwenye vituo vya televisheni ambavyo bibi wa Kasserine asiye na intaneti angeweza kuvitazama sebuleni. Ni kazi ya uhariri, ya kuchosha, na waliosifu mapinduzi ya Facebook hawakuizungumzia sana.

Haikuwa kazi isiyo na doa. Ilienea habari kwamba Bouazizi alikuwa mhitimu wa chuo kikuu, na vijana wenye shahada wasio na kazi wakajiona ndani yake. Ukweli ni kwamba hakumaliza hata sekondari. Mtaalamu wa habari atakunja uso, na ana haki. Ila hata uongo huo unathibitisha kwamba watangazaji wake waliijua hadhira yao barabara.

Wakati picha zikisambaa, walimu wa matawi ya UGTT walikuwa wakifungua milango ya ofisi zao kwa waandamanaji: Menzel Bouzaiane, Thala, Kasserine. Makao makuu ya shirikisho yalisitasita mpaka matawi yakayaburuza. Tarehe 12 Januari 2011 Sfax, jiji la viwanda, lilisimama kwa mgomo. Tarehe 14, siku aliyokimbia Ben Ali, ikawa zamu ya Tunis. Sioni namna ya kuieleza tarehe 14 bila tarehe 12.

Misri inatoa ushahidi wa aina hiyo. Mwito wa vijana mtandaoni wa mgomo wa 6 Aprili 2008 ulipata uzito kwa sababu wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mahalla walikuwa tayari na ugomvi wao. Mwaka mmoja baadaye vijana wale wale walirudia mwito bila Mahalla, na ukadorora. Sudan ilikwenda mbali zaidi. Baada ya mauaji ya waandamanaji mjini Khartoum ya 3 Juni 2019, wanajeshi waliikata intaneti kwa wiki kadhaa. Wakili mmoja aliishtaki kampuni yake ya simu, akashinda, na kwa kuwa alishtaki kwa jina lake binafsi, akarudishiwa intaneti yeye peke yake. Hata hivyo tarehe 30 Juni umati mkubwa ulijaa mitaani, kwa sababu kamati za upinzani za mitaa zilipita nyumba kwa nyumba na kutumia ujumbe wa simu.

Baada ya Ben Ali kuondoka, uhusiano huu wa vijana wa habari na vyombo vya mashinani ulilegea Tunisia. Mwanablogu Slim Amamou alikamatwa tarehe 6 Januari 2011, akateuliwa katika wizara ya vijana mwezi huo huo, na Mei akajiuzulu akipinga kufungwa kwa tovuti kadhaa kwa ombi la jeshi. Alipaza sauti ya haki, lakini hakuwa na tawi wala mkoa nyuma yake. Fedha za wafadhili nazo ziliwafuata vijana wa mji mkuu waliojua kuandika maombi ya miradi, na mikoa ya ndani ikabaki na ukosefu wake wa ajira. Kuna wakati uzi uliunganishwa tena: kampeni ya Manich Msamah, iliyoanza 2015 kupinga sheria ya kuwasamehe waliofisidi mali ya umma enzi za Ben Ali, ilitoka mtandaoni ikaingia mitaani, na sheria iliyopita Septemba 2017 ikawa imepunguzwa, ikiwahusu watumishi wa serikali tu.

Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge tarehe 25 Julai 2021, wengi wa vijana walishangilia. Wasomi waliowalaumu walisahau kuuliza bunge lile liliifanyia nini Kasserine. Mwaka uliofuata ikaja Amri ya Kisheria namba 54, inayotoa kifungo cha hadi miaka 5 kwa kueneza habari za uongo, na wanahabari na mawakili wakaanza kupelekwa mahakamani kwa kauli zao.

Mwaka 2025 zilienea video za wanafunzi wa mji wa Gabès wakipelekwa hospitali kwa kukosa pumzi. Kiwanda kinachotuhumiwa kuwadhuru husindika fosfati ya Gafsa, na serikali iliwahi kuahidi, mwaka 2017, kuviondoa vitengo vyake vinavyochafua hewa. Tarehe 21 Oktoba tawi la UGTT la mkoa liliitisha mgomo na mji mzima ukasimama. Siku chache baadaye, Jukwaa la Tunisia la Haki za Kiuchumi na Kijamii, lililokuwa likiunga mkono madai ya Gabès, lilisimamishwa kwa mwezi mmoja; kisha, mwishoni mwa Oktoba, jumuiya ya Nawaat nayo ikasimamishwa.