Mbegha wa Nguu: shujaa anayesakwa vitabuni na vinywani

Wagiriki walisimulia kwamba Oedipus alitupwa mlimani akiwa mchanga kwa sababu ya utabiri. Mbegha, asili ya wafalme wa Usambara, aliponzwa na meno. Alikuwa kigego: meno ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi kwa ukoo. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akaiacha milima ya Nguu, akahamia Kilindi, nchi iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Handeni hadi 2002. Huko mtoto wa mkubwa wa nchi akauawa na nguruwe mwitu katika msako aliokwenda na Mbegha. Ikabidi Mbegha akimbie tena, safari hii hadi Usambara.

Huko alipokewa kwa nyama. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akagawa nyama, wenyeji wakampa chakula cha shambani. Akiwa njiani kupelekwa Vugha kufanywa mfalme alimuua simba usiku, na watawala wa ukoo wake, Wakilindi, wakarithi jina la Simba Mwene.

Haya tunayapata hasa katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliyoanza kuchapwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na kutolewa upya mwaka 1962. Mwanahistoria Steven Feierman alikwenda kwa wazee wa Usambara miaka ya 1960, akakusanya simulizi zao na kuzilinganisha. Aliona humo fikra za Washambaa kuhusu ufalme: mtu wa porini, asiye na mke wala shamba, anageuka kuwa mwenye nchi. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito. Naamini mwindaji kutoka Nguu alifika kweli, yapata nusu ya kwanza ya karne ya 18. Meno na simba ni kazi ya wasimulizi, nayo ni kazi kubwa.

Lakini Abdallah naye asomwe kwa makini. Alikuwa karani wa Semboja huko Mazinde, Korogwe. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimkuta Vugha mwaka 1848, alifariki mwaka 1862, na Semboja, mwanawe, akapigana na Shekulwavu, mjukuu wa mfalme huyo, aliyerithi kiti. Kitabu kinachomtukuza Mbegha kimetoka kwa mtu aliyekula chakula cha upande mmoja wa vita hivyo. Semboja mwenyewe hakukikalia kiti cha Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, mwenyewe akabaki bondeni Mazinde, penye njia ya misafara na bunduki.