Mwenye Nyumba ni Nani? Historia ya Milki ya New Place, Stratford-upon-Avon

Katika mji wa Stratford-upon-Avon, nchini Uingereza, njia kuu ya mji hubadili jina kila baada ya hatua chache. Kwanza huitwa High Street, kisha Chapel Street, kisha Church Street, hata mtu akafika upande wa kanisa kubwa lililo kando ya mto. Pale Chapel Street inapokutana na Chapel Lane, mkabala na kanisa dogo la chama cha zamani cha mji, palikuwa na nyumba iliyoitwa New Place, yaani Makao Mapya. Nilipokuwa masomoni katika nchi hiyo nilikwenda kuitazama, nikakuta bustani. Nyumba haipo tangu mwaka 1759. Lakini jina lake lipo, na hati zake zipo, na kwa hati hizo tunaweza kuwafuata wenye nyumba hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka mia tano.

Wazee wetu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba hii ni mfano wa upande wa pili wa methali hiyo: mali ilikuwa na daftari, nayo ikapotea vilevile, ila habari zake hazikupotea. Kusudi la makala haya ni kuzifuata habari hizo kwa utaratibu, na kuuliza swali ambalo mtu wa lugha hawezi kuliepuka: katika kila hatua, tukisema kwamba fulani alikuwa “mwenye nyumba”, tunasema nini hasa?

Aliyeijenga ni Hugh Clopton, mzaliwa wa ukoo wa jirani na mji huo, ambaye alikwenda London akatajirika kwa biashara ya vitambaa, hata akawa Meya wa London mwaka 1491. Yapata mwaka 1483 alijenga nyumba hiyo kwa matofali na mbao, wakati ambapo nyumba nyingi za mji zilikuwa za mbao na udongo. Huyo ndiye pia aliyejenga daraja la mawe lenye matao 14 juu ya mto Avon, ambalo hata leo watu na magari hupita juu yake. Alikufa mwaka 1496 bila ya kuacha mke wala mtoto, na nyumba ikabaki katika ukoo wa Clopton. Wenyewe hawakukaa humo sikuzote. Katika miaka ya 1540 alikuwamo mpangaji, tabibu aitwaye Thomas Bentley, na alipokufa mwaka 1549 ilisemekana kuwa nyumba imechakaa sana na kukaribia kuanguka. Hapa basi tunao tayari watu wa namna mbili: mwenye nyumba asiyekaa ndani yake, na mkaaji asiyekuwa na nyumba.

Mwaka 1563 nyumba ilitoka katika mikono ya akina Clopton ikaingia katika mikono ya William Bott, mtu wa sheria ambaye alikuwa akimfanyia William Clopton shughuli zake. Jinsi mtumishi alivyoipata mali ya bwana wake ni jambo lililoleta mashitaka. Clopton alilalamika mahakamani kuwa Bott alizuia kodi za mashamba yake na kughushi hati. Tena, mwaka 1571, shahidi mmoja alitoa ushahidi kwamba Bott alimpa sumu binti yake mwenyewe ndani ya nyumba hiyo, ili kwa ajili ya hati nyingine ya mirathi apate ardhi ya mume wa binti huyo. Bott hakupata kuhukumiwa kwa neno hilo, wala haifai sisi kumhukumu leo. Lakini yafaa tuone kuwa katika masimulizi hayo, yawe kweli yawe uzushi, hati ndiyo kiini. Pasipo hati ya mirathi, sumu isingekuwa na faida.

Mwaka 1567 Bott aliiuza nyumba kwa William Underhill, naye alipokufa mwaka 1570 ikarithiwa na mwanawe mwenye jina hilohilo. Huyo mwana ndiye aliyeiuza tarehe 4 Mei 1597 kwa mtu wa mji huo aliyekuwa akifanya kazi ya tamthilia huko London. Mnunuzi huyo, William Shakespeare, alikuwa na umri wa miaka 33, na mwanawe wa pekee wa kiume, Hamnet, alikuwa amekufa mwezi wa Agosti wa mwaka uliotangulia.

Hati ya mauzo hayo inastahili kutazamwa kwa makini, maana wengi wameisoma vibaya. Kwa desturi ya sheria ya Kiingereza ya siku hizo, namna moja ya kuimarisha mauzo ilikuwa mnunuzi kumshitaki muuzaji mahakamani, kana kwamba mali tayari ni yake na mwenziwe amemzuilia. Muuzaji hukiri, mahakama huandika mapatano yao, na maandishi hayo huwa ngao ya mnunuzi kuliko karatasi waliyoandikiana wawili faraghani. Hati hiyo yataja nyumba moja, ghala mbili na bustani mbili, na bei ya pauni 60. Lakini katika hati za namna hiyo bei iliyotajwa aghalabu ilikuwa desturi tu, si fedha iliyolipwa. Kwa hiyo anayeandika kwamba Shakespeare aliipata nyumba ya pili kwa ukubwa mjini kwa pauni 60 anaisoma hati kama stakabadhi ya dukani, nayo si hivyo. Ni maigizo ya kisheria: ugomvi ambao haukuwapo, uliomalizwa kwa suluhu iliyopangwa tangu mwanzo.

Ngao hiyo ilihitajiwa upesi. Miezi miwili baada ya mauzo, mwezi wa Julai 1597, Underhill alikufa kwa sumu aliyopewa na mwanawe mkubwa, Fulke. Fulke alinyongwa mwaka 1599, na kwa sheria mali ya mkosaji wa namna hiyo huchukuliwa na Taji. Ndiyo sababu mwaka 1602, ndugu yake mdogo, Hercules, alipotimiza umri wa kumiliki mali, Shakespeare alirudi mahakamani akaandikiwa hati ya pili iliyothibitisha ile ya kwanza, safari hii bustani mbili za miti ya matunda zikitajwa pia. Alinunua mara moja, akathibitishiwa mara mbili. Mtu aliyekuwa na nyumba hakuwa bado na hakika kuwa anayo.

Maandishi mengine ya miaka hiyo yanamwonyesha mwenye nyumba katika maisha ya kila siku. Mwezi wa Februari 1598, wakati wa uhaba wa nafaka, wakuu wa mji waliandika orodha ya watu wenye akiba, na katika mtaa wa Chapel Street jina la Shakespeare limo, kwa kimea cha kutengenezea pombe. Mwaka huohuo, tarehe 22 Julai, iliandikishwa huko London tamthilia yake ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1969 kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi. Sitaki kusema kwamba nyumba imeeleza tamthilia wala tamthilia nyumba. Nasema tu kwamba mwandishi aliyejenga hadithi nzima juu ya maneno ya hati moja alikuwa, katika miaka hiyohiyo, mtu aliyejua kwa uzoefu wake jinsi neno lililoandikwa linavyoweza kumlinda mtu au kumwangamiza.

Katika wasia wake wa mwaka 1616 Shakespeare alijaribu kuifunga nyumba isitoke katika damu yake. Alimwachia binti yake mkubwa, Susanna, mke wa tabibu John Hall. Baada yake wana wa kiume wa Susanna, mmoja baada ya mwingine, hata wa saba. Wasipokuwapo, mjukuu wake Elizabeth na wanawe wa kiume. Wasipokuwapo hao, binti mdogo Judith na wanawe. Kwa maneno aliona mbali sana. Kwa matendo, Susanna hakupata mtoto wa kiume hata mmoja. Wana watatu wa Judith walikufa wote, mmoja mchanga na wawili katika mwaka 1639. Na Elizabeth, aliyeolewa mara mbili, hakuzaa. Nyumba ikabaki mikononi mwa wanawake, jambo ambalo wasia uliliona kuwa la mwisho katika orodha.

Na wanawake hao waliilinda. Mume wa kwanza wa Elizabeth, Thomas Nash, alipokufa mwaka 1647, ilionekana kuwa ameandika katika wasia wake kwamba New Place apewe jamaa yake Edward Nash. Alikaa katika nyumba ya ukoo wa mkewe, akaizoea, hata akaigawa kama yake. Mama na binti, wote wawili wajane, waliandika mara hati mpya kuikinga mali yao, Edward akafungua kesi, nyumba haikutoka. Elizabeth akaolewa tena na John Bernard, akafa mwaka 1670, akiwa wa mwisho wa kizazi cha Shakespeare. Katika wasia wake aliagiza kuwa nyumba iuzwe baada ya kufa mumewe, na kwamba Edward Nash aulizwe kwanza kama ataka kuinunua, kwa kuwa alimwahidi hivyo. Alimkatalia kama haki, akampa kama hisani. Tofauti hiyo ni kubwa, na sheria yote ya mirathi imesimama juu yake.

Mwaka 1675 nyumba ilinunuliwa na Sir Edward Walker, mkuu wa watunzaji wa nembo za koo za Uingereza. Binti yake Barbara alikuwa ameolewa na Sir John Clopton. Hivyo, Walker alipokufa mwaka 1677, nyumba ilirudi kwa ukoo wa aliyeijenga, baada ya miaka zaidi ya mia. Naye Sir John, mwaka 1702, akaijenga upya kwa ajili ya mwanawe, kwa mtindo wa siku zake.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa kasisi Francis Gastrell. Mwaka 1756, akiwa amechoshwa na wageni waliokuja kuutazama mforsadi uliosemwa kuwa umepandwa na Shakespeare mwenyewe, aliukata. Mwaka 1759, baada ya kugombana na wakuu wa mji juu ya kodi ya maskini, aliibomoa nyumba yenyewe. Watu wa Stratford hawakumsamehe, na mpaka leo vitabu vingi vyamtaja kuwa ndiye aliyebomoa nyumba ya Shakespeare. Lakini nyumba aliyoibomoa Gastrell ilikuwa ya mwaka 1702. Ile ambayo Shakespeare alikaa na kufia ilikuwa imekwisha ondolewa, karibu yote, kwa mikono ya Sir John Clopton, mtu wa ukoo ulioijenga, wala hakuna aliyemlaumu. Sababu ni nini? Ni jina. Clopton aliondoa nyumba akaacha jina mahali pake, na macho ya watu hayakuona pengo. Gastrell aliacha jina bila ya kitu chochote cha kulibeba. Mtu wa lugha asistaajabu: jina hudumu zaidi ya kinachoitwa kwalo, na mara nyingi tunaomboleza jina tukidhani tunaomboleza kitu.

Kwa sheria ya siku zake Gastrell hakukosa. Alikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba aweza kuibomoa. Katika Kiswahili, hata hivyo, neno hili “mwenye” halisemi mengi kiasi hicho. Husema tu kwamba kitu kipo kwa mtu: mwenye nyumba, mwenye njaa, mwenye watoto. Tukitaka kutaja uwezo wa kukitawala kitu twaenda kwenye “miliki”, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo ni jamaa ya maneno ya ufalme. Tena tuna “amana”, kitu kilicho kwako lakini si chako. Na “wakfu”, kitu kilichosimamishwa kisiuzwe wala kurithiwa, kama zilivyowekwa nyumba na mashamba mengi katika miji ya mwambao wetu. Bentley alikuwa mkaaji. Nash alikuwa na amana akaidhani milki. Gastrell alikuwa na milki, na watu wa mji wakamdai amana.

Madai hayo ndiyo yaliyoshinda mwishoni. Katika miaka ya 1860 mtaalamu James Orchard Halliwell alichangisha fedha za watu, kiwanja kikanunuliwa kwa faida ya wote, na misingi ikachimbuliwa. Tangu mwaka 1891, kwa sheria ya Bunge, mali za namna hiyo zimo mikononi mwa wadhamini waitwao Shakespeare Birthplace Trust. Uchimbaji mpya ulianza mwaka 2010, na mwaka 2016 mahali pakafunguliwa tena kwa wageni. Udhamini wa Kiingereza na wakfu wa Kiislamu si kitu kimoja. Asili zake ni mbalimbali na masharti yake pia. Lakini vyote viwili vyajibu hofu moja, nayo ni kwamba mwenye mali wa leo, kwa hasira ya siku moja, aweza kuondoa kilicho cha watu wa jana na wa kesho.

Basi tukirudi kwenye swali letu, mwenye New Place ni nani? Hati zitatoa majina zaidi ya kumi, kila moja kwa tarehe yake, nayo yote ni sahihi. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuifunga nyumba kama alivyotaka, ila hao waliokubali kwamba si yao.