Usiku wa dunguni: Ifakara na historia ya kumfuata mbu

Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita kandokando ya mji wa Ifakara na kuingia bonde la Kilombero. Masika yakikolea, mto hujaa, majaruba hufurika na mpunga hunawiri. Mbu naye hupata pa kutagia. Chutama penye shimo la kwato za ng'ombe lililojaa maji ya mvua, utazame vizuri: viluwiluwi vya Anofelesi, mbu aenezaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji, ilhali vya mbu wengine huning'inia vichwa chini.

Mkulima wa bonde hili hana namna ya kuyakimbia maji hayo. Tangu kupanda hadi kuvuna, familia nyingi huhamia shambani na kulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito na paa la nyasi. Mchana huamia ndege. Usiku husikiliza nguruwe pori. Kuta za dungu huwa chache, au hazipo kabisa. Kwa miongo kadhaa sasa, sayansi ya malaria imejifunza mengi kutokana na maisha haya ya shambani.

Safari hiyo ilianza na mdudu mwingine. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara na kupokewa na wamisionari Wakapuchini. Alivutiwa na papasi, kupe wa nyumbani anayejificha katika nyufa za sakafu na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala, akiacha homa inayopoa na kurudi. Maabara ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1957. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, kikaanzishwa kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Mwaka 1996 taasisi iliyotokana na maabara hiyo ikawa mikononi mwa Watanzania kama shirika la kujitegemea, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Mbu alipochukua nafasi ya kwanza, kazi ilianza kwa kuhesabu. Katika kijiji cha Namawala, miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, watafiti walitundika mitego ya taa ndani ya nyumba, kando ya chandarua chenye mtu aliyelala. Mbu alifuata harufu ya mtu, akakaribia taa, na feni ndogo ikamvuta hadi kwenye mfuko. Asubuhi walitenganishwa mmoja mmoja kwa aina zao. Makadirio yalitisha: mkazi wa Namawala aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Mzigo mkubwa namna hiyo ndio uliofanya dunia ije Kilombero kutafuta majibu. Huko Idete, chanjo ya SPf66 iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia ilijaribiwa kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Matumaini yalipanda, lakini majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na chanjo ikaachwa.

Kitambaa chenye matundu madogo kilifika mbali zaidi. Chandarua kilikuwa kimezoeleka bondeni, ila vichache sana vilitiwa dawa. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuviuza katika wilaya za Kilombero na Ulanga pamoja na dawa yake, kwa jina Zuia Mbu. Jina hilo halikutaja malaria, na lilifaa. Akina mama wengi waliona degedege ya mtoto kuwa ugonjwa tofauti na homa, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa kero ya mbu anayevuma sikioni.

Kazi ya kutia dawa ilikuwa ya beseni na mikono. Maji yalipimwa, dawa ikachanganywa, chandarua kikatumbukizwa na kugeuzwageuzwa mpaka kikanywa maji yote, kisha kikalazwa kivulini kikauke. Ndani ya miaka mitatu, watoto wachanga waliolala katika vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka kama asilimia 10 hadi zaidi ya 50. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha Hati Punguzo, ili mjamzito anunue chandarua kwa bei nafuu.

Mbu hakukaa akisubiri. Anofelesi gambie, aliyewahi kutawala nyumba za bondeni, karibu atoweke. Uchunguzi wa timu ya Emmanuel Kaindoa, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vilivyochunguzwa yaliletwa na Anofelesi funestasi, ingawa Anofelesi arabiensisi ndiye aliyekuwa mwingi zaidi. Huyu wa pili huuma pia nje, jioni, watu wakiwa bado wanapika na kuzungumza. Fredros Okumu, Mkenya anayefanya utafiti Ifakara, aligeukia harufu ya binadamu: mwaka 2011 alipata ufadhili wa kutengeneza mitego ya kuwekwa nje ya nyumba, yenye chambo kinachoiga harufu ya soksi zilizovaliwa.

Na dungu halikusahaulika. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu kaya zote za wakulima waliohamia mashambani zilikuwa na vyandarua, wakavibeba pamoja na majembe na sufuria. Bado zilibaki saa za jioni, watu wakiota moto kabla ya kuingia ndani. Mwaka 2016 watafiti wa Ifakara walichapisha matokeo ya kibanda kisichopitisha mbu, chepesi, kinachoweza kubomolewa na kubebwa, kilichobuniwa kwa ajili ya wakulima hao wa mpunga wanaohama na msimu.