Debe, Gunia na Udongo wa Islii

Tembea Eastleigh kuanzia Section One mpaka Section Three ukihesabu mimea iliyopandwa moja kwa moja ardhini. Toa miti michache ya barabarani na utabaki na hesabu ya vidole. Kila kitu kingine cha kijani kinaishi ndani ya chombo kilichotengenezwa kubeba kitu kingine: sukuma wiki kwenye gunia la mchele, dhania kwenye mkebe wa Kimbo, mwarobaini mchanga kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa kichwa. Na ndiyo, kwenye mapaa mengine, nyuma ya tangi la maji, kuna ule mmea ambao hakuna anayeutaja mbele ya mwenye ploti.

Ukiuliza kwa nini, watu watakuambia ni simiti. Ploti zimejaa, ua umekuwa ghorofa, mtu atapanda wapi? Ni kweli, lakini ni ukweli wa juzi tu. Madebe yalikuwa hapa kabla ya maghorofa. Wazee waliokulia kwenye zile nyumba za zamani, vyumba vikiuzunguka ua wa katikati, wanakumbuka pilipili na mrehani ndani ya bati, na ardhi tupu iko pale pale chini ya miguu. Walikuwa na ardhi. Shida ilikuwa udongo.

Udongo wa upande huu wa Nairobi ni mweusi, mfinyanzi mzito uliotokana na mawe ya volkano mahali ambapo maji hayapati njia ya kutoka. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye viatu mpaka unatembea kama umevaa matofali. Jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ndiyo maana fundi yeyote wa mjengo hapa huuchimba na kuutoa wote kabla hajaweka msingi, maana kuta zitapasuka nao. Mafundi wanauita kwa jina la pamba, na jina hilo lilitoka India, ambako kwenye uwanda wa Deccan pamba hustawi juu ya udongo wa aina hiyo. Shamba kubwa lenye jembe la kukokotwa linaweza kuelewana nao. Mtu mwenye kipande cha ua na jembe la mkono atahangaika.

Sasa vuka kwenda magharibi na kaskazini mwa jiji: Muthaiga, Westlands, Lavington, Karen. Huko udongo ni mwekundu, una kina, maji yanapita, mizizi inapumua. Kahawa ilipandwa juu yake. Hakuna aliyeutengeneza udongo uwe hivyo, ni jiolojia tu. Lakini nani alipewa kuishi juu ya upi, hapo jiolojia haina neno.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Tauni ikazuka, na 1902 soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. Mwaka 1913 Uingereza ikamtuma Afrika Mashariki daktari mmoja, William Simpson, aje kushauri juu ya afya ya miji. Simpson aliwahi kuwa mkuu wa afya wa jiji la Calcutta, na ushauri wake haukuzunguka: Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbali mbali, na katikati pawe na eneo lisilo na makazi. Sababu aliyotoa ilikuwa magonjwa. Matokeo yake yalikuwa ramani. Wazungu walikuwa tayari wameanza kupanda miinuko ya udongo mwekundu, na ramani ikawaidhinisha. Mashariki, tambarare, mahali maji yanasimama, yakabaki kwa wengine. Eastleigh ilipata jina lake 1921, ikawa mtaa wa Waasia pamoja na Wasomali, na Pumwani ikatengwa jirani kwa ajili ya Waafrika. London ilikuja kutangaza 1923 kwamba ubaguzi wa makazi kati ya Wazungu na Waasia mijini uachwe. Tangazo halikuhamisha udongo.

Kwa hiyo debe la mrehani kwenye ua wa Eastleigh nalisoma hivi: mtu aliyepewa ardhi mbaya ametafuta lita chache za ardhi nzuri, akazizungushia bati.

Lile debe lenyewe lina safari yake. Mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa duniani ndani ya mabati ya mraba, mawili kwa kila sanduku la mbao, kila bati galoni 5 za Kimarekani. Hiyo ni karibu galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na ushee. Mafuta yakiisha, bati linabaki, na huku kwetu likawa kila kitu: kipimo cha mahindi, ndoo ya maji, na likipasuliwa na kunyooshwa, likawa paa. Pumwani ya zamani iliezekwa kwa madebe. Neno lenyewe tulilipata kwa Wahindi, dabba, kama tulivyopata gunia kutoka kwa goni yao, mfuko wa nyuzi. Na bangi pia. Neno lilivuka bahari pamoja na majani, kwa majahazi yale yale, karne nyingi kabla ya reli. Sisemi kuna siri hapo. Nasema tu kwamba mtu anayesimama juu ya paa Eastleigh leo akiwaza apande nini ndani ya nini, maneno yote matatu yanayomjia kichwani yalipita bandarini.

Ukubwa wa chombo si jambo la urembo. Mkebe wa kilo mbili, ule wa gorogoro, unatosha dhania na kitunguu cha majani, vitu vyenye mizizi mifupi na subira fupi. Debe linabeba mche mmoja wa pilipili au nyanya bila ugomvi; ukiweka mitatu itanyang'anyana. Gunia la kilo 90 ni hesabu nyingine kabisa, kwa sababu unatoboa ubavuni na kupanda kuta zote: katikati unasimamisha nguzo ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini, pembeni udongo uliochanganywa na samadi, na sukuma zinachomoza pande zote kama nywele za mtu aliyeamka saa hii. Mmea ukikosa nafasi chini haufi mara moja. Unabaki mdogo, unaharakisha maua, unazeeka kabla ya wakati. Waliolelewa familia nzima kwenye chumba kimoja hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na usijaribu kujaza debe kwa udongo mweusi wa hapa hapa. Ukikauka unajivuta kutoka kwenye kuta za bati, na kesho ukimwagilia, maji yanateremka kwenye ule ufa wa pembeni na kutokea chini huku katikati kukiwa kukavu kama biskuti. Watu huukoroga na mchanga na samadi, ama huutupa na kununua mwekundu. Samadi si shida, Kiamaiko ya mbuzi iko hatua chache. Mwekundu ndio unalipiwa. Unakuja na lori kutoka upande wa Kiambu, na kila nikiona lori hilo likimwaga, huku jingine likitoka kwenye shimo la mjengo limebeba ule mweusi kwenda kuutupa, naona ramani ya Simpson ikirekebishwa ndoo kwa ndoo, kwa pesa ya mwenye kununua.

Kuna uzito pia. Debe moja la udongo uliolowa linakaribia kilo 30. Ishirini ni nusu tani na zaidi juu ya slabu ambayo hujui ilimwagwa na nani. Mama mmoja wa ploti yetu, mkulima wa paa kwa miaka mingi, hupanga vyombo vyake vyote juu ya kuta na haweki hata kimoja katikati. Nilimuuliza nani alimfundisha. "Mwanangu," akasema, "mimi hulala chini yake."

Mwaka ule ule wa pendekezo la Simpson, karatasi nyingine ilikuwa ikiandaliwa. Katazo la bangi katika Kenya ya kikoloni linahesabiwa kutoka 1914. Hapo ndipo historia inanikera kidogo, kwa sababu Waingereza walikuwa wameshalichunguza jambo hili kwa kina India. Tume yao ya 1893 na 1894 ilihoji mashahidi zaidi ya 1,000, ikaandika mabuku saba, na kuona kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa na kwamba kupiga marufuku kabisa hakufai. Miaka 20 baadaye, kwenye koloni lililojaa watu waliotoka India hiyo hiyo, mabuku saba hayakuwa na kazi. Mkataba wa Geneva wa 1925 ukaja kuiingiza bangi kwenye udhibiti wa kimataifa, na Kenya huru ikarithi yote.

Sheria tunayoishi nayo ni ya 1994. Ilivyoandikwa, kulima kunajumuisha kupanda, kumwaga mbegu, kutunza na kuvuna, na adhabu ni faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea sokoni, ile iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Haisemi chochote kuhusu ukubwa wa chombo. Mche mmoja kwenye mkebe wa gorogoro na ekari ndani ya msitu wa Mlima Kenya vinaingia mlango mmoja. Ndiyo maana sitakupa hapa ushauri wa lita ngapi na mchanganyiko gani kwa mmea ule. Kijana wa mtaa akishikwa hana wakili, na karao anayepanda ngazi hadi kwenye paa anajua hilo kuliko wewe. Na kusema kweli, kibiashara ni ujinga: Eastleigh iko kwenye njia ya Moyale, ambako shash ya Shashamane hupitia ikitoka Ethiopia. Debe la paa halishindani na barabara kuu.

Lakini katika macho ya dola chombo kina jambo la ajabu. Shamba lina hati na jina. Debe halina. Kwenye paa la ploti yenye vyumba 40, debe lililo nyuma ya tangi ni la kila mtu mpaka siku ya msako, na siku hiyo si la mtu. Ama, vibaya zaidi, ni la yule aliyekuwa karibu nalo. Jumuiya ya Warastafari ilikwenda Mahakama Kuu 2021 kuomba waruhusiwe kutumia mmea huo kiibada na majumbani mwao. Mwaka uliofuata Wajackoyah akaifanya bangi kuwa kampeni ya urais na nchi nzima ikacheka. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alikuwa ameshaleta wazo la mswada 2018, bila kuchekesha mtu, na akafariki 2019 likiwa bado wazo. Wote walizungumza juu ya haki na pesa. Sikumbuki nani alizungumza juu ya paa na kusema ni nyumba ya nani.

Usidhani ni bangi pekee iliyokuwa na askari wake. Kwa miongo mingi hata mboga Nairobi ilikuwa ya kuvizia. Sheria ndogo za jiji za 1961 zilikataza kulima kwenye maeneo ya barabara, Sheria ya Afya ya Umma iliipa serikali uwezo wa kuzuia kilimo mijini, na kanjo walijulikana kwa kufyeka mahindi ya akina mama kwa kisingizio cha mbu. Ona hapo tena mkono wa daktari: magonjwa ndiyo sababu, ardhi ndiyo matokeo. Chombo kilikuwa jibu kwa hilo pia. Mahindi ya kando ya reli hayakimbii, debe linabebwa na kuingizwa ndani.

Kisha fujo za uchaguzi wa 2007 zikafunga barabara, bei ya chakula ikapanda, na kilichokuwa cha kuvizia kikawa mradi. Mashirika ya misaada yaligawa miche na kufundisha kilimo cha gunia, Solidarités la Ufaransa kule Kibera likiwa mojawapo, na picha za magunia zikazunguka dunia kana kwamba yamevumbuliwa jana. Mwaka 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa mara ya kwanza mtu wa Nairobi aliyepanda sukuma alikuwa na karatasi upande wake.

Karatasi haikuleta udongo. Waliokuwa wakichota wa kando ya Mto Mathare, laini na wa bure ingawa una kila uchafu wa jiji, walifurika Aprili 2024, na Mei serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto. Siku hizi ukitaka kupanda Section Three unampigia mwenye lori. Mama wa ploti yetu hununua nusu na jirani, wanagawana kwenye ngazi kwa gorogoro, na kila mmoja anapandisha wake.