Rumba Ilivyopata Makao Unguja

Mtu anayehudhuria sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja, huwaona mchana wanaume wakipigana kwa migomba ili watoe ghadhabu za mwaka uliokwisha, kibanda cha makuti kikitiwa moto, na wanawake waliovaa libasi zao njema wakiimba; na usiku uingiapo huwaona watu hao hao, walioshika ada ya Nairuzi ya Kiajemi pamoja na miongo yake ya siku kumi kumi, wakistarehe kwa taarab na muziki wa dansi bila ya kuona kwamba ya kale yamedhulumiwa. Tabia hii ya kukipokea cha mgeni pasi na kukitupa cha wazee ndiyo, kwa rai yangu, iliyoipatia makao Unguja rumba ya Cuba.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, ambazo aghlabu zilikuwa za muziki wa Cuba, zikaenea bandari kwa bandari. Taarab ya Unguja ilikwisha kuwa na adabu yake: kundi la Ikhwani Safaa, lililoasisiwa mwaka 1905, liliitazama Misri, na mwimbaji Siti binti Saad alikwisha kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za Kiswahili. Hata hivyo mahadhi ya rumba, bolero na chacha yalijipenyeza katika mashairi yetu, na bongo za Cuba zikawekwa kando ya ngoma ya dumbak.

Lakini anayetaka kujua siri ya mapokezi hayo na aisikilize kidumbak, ambayo wengine huiita kitaarab, na ambayo naipenda kuliko taarab ya ukumbini. Ala zake ni fidla moja, sanduku la chai lililofungwa uzi likawa besi, ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbak, cherewa zinazotikiswa, na mkwasa, yaani vijiti vifupi vinavyogongwa. Wacuba nao wana vijiti vyao vya kugonga na vibuyu vyao vya kutikisa. Basi mkono wa mpigaji wa Unguja ulipoisikia rumba haukukutana na jambo geni kabisa. Ilhali wasikilizaji wa taarab hukaa vitini wakatulia, kidumbak huzikamata nyimbo zile zile zinazovuma mjini, ikaziunga moja baada ya moja pasi na kituo, ikazitia mwendo wa ngoma za unyago na kumbwaya, hata harusi nzima ikasimama kucheza. Bolero iliyoingia klabuni kwa upole hutoka katika kidumbak imechangamka, na kwa kuwa hakuna ala inayohitaji umeme, kundi zima laweza kupiga uani kwa mtu, mjini au shamba.

Linganisha na mgeni aliyekuja baada ya rumba: rock ya saikedeliki ya miaka ya sitini na sabini, iliyopotosha sauti za gitaa za umeme hata zikalia kama ndotoni, ilipata jamaa zake kwengineko. Los Jaivas wa Chile, walioanza mwaka 1963, waliichanganya na ala za milima ya Andes. Los Destellos wa Peru wakaitia gitaa hiyo katika cumbia. Na Dar es Salaam ikawa na Sunburst, walioanza mwaka 1970 na kutoa sahani yao, Ave Africa, mwaka 1976. Zama hizo hazikuwa nyepesi kwa vijana wa muziki wa ng'ambo, kwani Novemba 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar es Salaam. Rumba ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miongo mitatu, na ilipokaguliwa miziki migeni, tayari ilikuwa imevaa kanzu.

Leo kidumbak hufundishwa katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Natamani walimu wake wende pia Makunduchi na vijiji vya jirani, wakawarikodi wapigaji wa fidla na sanduku wangali hai, na kila wimbo uandikwe pamoja na mahadhi yake: huu rumba, huu bolero, huu kumbwaya.